Berlin: Mkataba wa Kwanza Ndio Mtaa Wako

Anayehamia Berlin, awe mwanafunzi, muuguzi au mtu anayemfuata mwenza wake, ataambiwa neno moja na karibu kila aliyemtangulia: shika chochote utakachopata, ukishalizoea jiji utahama. Ni ushauri wa nia njema, na kwa Dar es Salaam ungekuwa sahihi kabisa. Mtu anaanzia chumba na sebule Mbagala, akipata kazi Mwenge anasogea Sinza, mambo yakikaa vizuri anahamia Goba. Kodi ikiisha vyombo vinapakiwa kwenye kirikuu, dalali ameshaonyesha kwingine, maisha yanaendelea. Berlin haiendi hivyo. Kule mkataba wa kwanza wa kudumu utakaousaini ndio mtaa wako kwa miaka mingi ijayo, upende usipende, na kinachokushikilia hapo ni hesabu.

Berlin ni jiji la wapangaji. Zaidi ya wanane katika kila kumi wanaishi nyumba za kupanga, na si kwamba wote hawana uwezo. Daktari anapanga, wakili anapanga, profesa anapanga hadi anastaafu. Sheria inamlinda sana aliyekwisha kuingia. Mkataba wa kawaida hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa sababu tu amepata mtu wa kulipa zaidi, na kodi ya aliyemo ndani, kwa mikataba ya kawaida, haipandishwi zaidi ya asilimia 15 kwa kila miaka mitatu. Nje ya mlango huo bei zinakimbia. Kwenye vipimo rasmi vya kodi vya jiji, mpangaji wa siku nyingi analipa kwa wastani kama euro 7 kwa mita ya mraba, kabla ya gharama za maji na joto. Matangazo mapya mara nyingi yanadai mara mbili ya hapo. Kwa nyumba ya mita 60 ni tofauti kati ya euro 420 na euro zaidi ya 800 kwa mwezi, ghorofa moja, ngazi moja, sanduku la barua limepakana na la jirani.

Sasa nani atahama? Mama mzee aliyebaki peke yake kwenye vyumba vinne angependa viwili, lakini viwili vya leo ni ghali kuliko vinne vyake vya mwaka 1995. Anabaki. Kijana aliyepata mtoto angependa vyumba vitatu. Anapima, anapiga hesabu, anaweka kitanda cha mtoto sebuleni. Watu wanahama kwa ndoa, talaka au msiba, na nyumba hazizunguki. Ndiyo maana hiyo "utahama baadaye" inawashinda hata wenyeji, sembuse mgeni ambaye jina lake kwenye barua pepe linamfanya mwenye nyumba asite. Mwaka 2017 waandishi wa Der Spiegel na Bayerischer Rundfunk walituma maombi ya majaribio takriban 20,000 katika miji kumi ya Ujerumani, sifa zikiwa sawa na majina tofauti; wenye majina ya Kiarabu na Kituruki waliitwa kutazama nyumba mara chache kuliko wenye majina ya Kijerumani. Asiitegemee siasa pia. Jimbo la Berlin lilifunga kodi kwa sheria mwaka 2020, na Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikaifuta kwa hoja kwamba jimbo halina mamlaka hayo. Septemba mwaka huohuo wananchi wengi walipiga kura ya kutaka nyumba za makampuni makubwa ya kupangisha zitwaliwe ziwe mali ya umma. Nyumba bado ziko kwa makampuni.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba safari ya nyumba ina hatua mbili, na wengi wetu tunazichanganya. Ya kwanza ni kutua. Ya pili ni kukaa. Ule ushauri wa kushika chochote ni wa hatua ya kwanza peke yake, na hata huko una sharti moja: hiyo nyumba lazima ikupe Anmeldung. Ndani ya siku 14 tangu kuhamia unatakiwa kusajili anwani yako katika ofisi ya wilaya, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na anayekupangisha kuthibitisha kwamba kweli umehamia. Bila usajili huo namba ya kodi ya mapato haiji, mwajiri anakukata kwa kiwango cha juu, benki nyingi zinasita, na ofisi ya wageni nayo inautaka. Chumba cha bei nafuu ambacho mwenyewe anasema "kaa tu ila usijisajili" ni chumba ghali kuliko vyote. Na wapo wanaouza anwani kwa wasiokuwa nayo. Ni kosa kwa muuzaji na kwa mnunuzi, na barua zako za serikali zinabaki kwenye sanduku la mtu usiyemjua.

Katika hatua hiyo mtaa hauna uzito. Chumba katika nyumba ya kushirikiana na wanafunzi, chumba cha mtu aliyesafiri miezi sita, hata studio yenye samani ya kodi ya kukera, yote sawa, mradi una tarehe ya kutoka na barua ya kujisajili. Hizi za samani na za muda ndizo zilizokuwa njia ya kupenya breki ya kodi, sheria ya kuzuia bei za mikataba mipya iliyopo tangu 2015, kwa hiyo usizichukulie kama kipimo cha bei ya jiji. Na hapa Mtanzania au Mkenya ana tabia mbili za kuacha uwanja wa ndege. Kwanza, ule mkono mwepesi wa kulipa mapema. Tumezoea kulipia miezi sita au mwaka mzima na mwezi mmoja wa dalali juu yake, kwa hiyo anayetuambia "tuma amana, nitakuletea ufunguo kwa posta, mimi niko nje ya nchi kikazi" hatumshangai kama anavyostahili kushangaliwa. Huyo ni mwizi. Amana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, ile tupu isiyo na joto na maji, na unayo haki ya kuigawa mara tatu. Dalali naye, tangu 2015, analipwa na aliyemwita, na katika nyumba za kupanga anayemwita karibu daima ni mwenye nyumba. Tabia ya pili ni kuamini kwamba maneno yanatosha. Yasiyoandikwa hayapo.

Tukija kwenye kukaa, wengi wanaanza na swali lisilo na jibu Berlin: je, ni karibu na katikati? Katikati ya nini? Hadi mwaka 1920 Spandau, Charlottenburg, Köpenick, Neukölln, Schöneberg, Lichtenberg na Wilmersdorf ilikuwa miji inayojitegemea, kila mmoja na makao yake ya manispaa, soko na stesheni. Sheria iliyoanza kutumika Oktoba mwaka huo iliiunganisha na Berlin kwa kalamu tu, haikuvunja kitu. Halafu ukuta uliolikata jiji mashariki na magharibi, kuanzia 1961 hadi 1989, ukalazimisha kila upande ujenge katikati yake. Kwa anayetoka Dar, ambako kila njia inaishia Kariakoo au Posta, hili linachukua muda kuingia kichwani. Mkazi wa Spandau anaweza kupita mwezi mzima bila kukanyaga Alexanderplatz, na hakosi daktari, maktaba, soko wala bwawa la kuogelea. Ile treni ya duara, S41 ikizunguka upande mmoja na S42 upande mwingine kwa kama saa nzima, imegeuzwa na watu kuwa mpaka wa heshima: ndani ya duara ni Berlin, nje ni shamba. Ni majivuno ya vijana wanaorudi nyumbani kutoka klabu alfajiri. Tiketi ni ileile, na anayenunua Deutschlandticket, iliyoanza kwa euro 49 kwa mwezi Mei 2023 na mwaka 2026 ikafika 63, anapanda hata treni za mkoa bila kuongeza senti.

Kinachofaa kuulizwa ni njia ya treni, tena kwa saa ya kazi yako wewe. Ujerumani na Kenya zilitia saini makubaliano ya ajira na uhamiaji Septemba 2024, na wauguzi ni miongoni mwa wanaotafutwa sana, basi tuchukue mfano wa muuguzi. Amepangiwa kampasi ya Virchow ya hospitali ya Charité, kule Wedding, zamu ya asubuhi inaanza saa 12. Akiwa na nyumba nzuri Marzahn, atatoka alipo kabla ya saa 11 alfajiri, abadilishe treni, na akichelewa mno kutoka zamu ya jioni katikati ya wiki atakuta treni za chini zimepumzika tangu kama saa 7 usiku na mabasi ya usiku ndiyo yanayofanya kazi. Treni hizo zinakesha Ijumaa, Jumamosi na mkesha wa sikukuu tu. Nyumba mbaya kidogo iliyoko kando ya njia ya treni ya chini ya U9, au karibu na kituo chochote cha ile duara cha kumfikisha Westhafen, itampa saa nzima ya usingizi kila siku. Mwanafunzi wa Freie Universität, Chuo Kikuu Huru cha Berlin kule Dahlem, anatazama U3. Wa kiwanda cha Tesla cha Grünheide, kilichofunguliwa Machi 2022 nje ya jiji, anatazama treni ya mkoa ya RE1, na kwake Ostkreuz au hata mji mdogo wa Fürstenwalde ni karibu kuliko Charlottenburg yenye sifa zote.

Sifa za mitaa zenyewe zinachelewa. Hapo ndipo pana faida kwa anayejua kusoma. Ukisimama Kurt-Schumacher-Platz, kaskazini karibu na uwanja wa ndege wa Tegel, kabla ya 2020 ndege zilikuwa zinapita juu ya maduka chini kiasi kwamba mazungumzo yanasitishwa, mtu anasubiri na sentensi yake mdomoni, kisha anaendelea. Watu wenye uwezo walihama au hawakuja kabisa. Novemba 2020 uwanja wa Tegel ukafungwa, safari zote zikahamia uwanja mpya wa BER. Siku moja ikatosha kuondoa kelele ya miongo. Lakini ukimuuliza mtu aliyehamia Berlin zamani kuhusu kaskazini ya Wedding na Reinickendorf, bado atakukunjia uso, na ushauri wake atautoa kwa dhati. Neukölln imefanyiwa kinyume. Wapo wanaoisimulia kama mtaa wa wahuni na kodi rahisi, ilhali tangu uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof ugeuzwe bustani ya wazi mwaka 2010, mitaa inayopakana nao imekuwa ya kugombaniwa. Hadithi ya bei nafuu imebaki, bei yenyewe imeondoka.

Kuhusu kukaa karibu na "watu wetu" nina maoni ambayo hayapendwi. Berlin haina mtaa wa Waswahili kama Brussels ilivyo na Matonge ya Wakongo pale Ixelles. Tumetawanyika. Wengi wanatajiwa Afrikanisches Viertel, mtaa wa Kiafrika huko Wedding, na wanapata picha ya soko la ndizi na sauti za bongo fleva dirishani. Jina lile halikutokana na wakazi. Lilitokana na makoloni. Kuna Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, zilizopewa majina kama mtu anayehesabu mali yake. Palikuwa pia na Petersallee, kwa heshima ya Carl Peters, yule wetu wa Mkono wa Damu, aliyemnyongesha msichana mmoja kule Kilimanjaro na kufukuzwa utumishi mwaka 1897 kwa ukatili wake. Mwaka 1986 manispaa ilijaribu kujitoa kwa kusema Peters anayekusudiwa ni mwingine, mwanasheria Hans Peters. Baada ya miaka ya mabishano na pingamizi za wakazi, Agosti 2024 barabara iligawanywa: sehemu ikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, sehemu nyingine ikaitwa Maji-Maji-Allee. Kwa hiyo leo mtu wa Kilwa au Songea anaweza kuwa na anwani yenye vita vya babu zake. Nakiri inanipa raha fulani kuwaza afisa wa kodi wa Berlin akiandika jina hilo kwenye bahasha. Waafrika wapo mtaani, na maduka ya sembe, mihogo na mafuta ya mawese yapo Wedding. Ni mtaa mzuri: U6 inapita, bustani kubwa ya Rehberge iko mlangoni. Lakini sembe mtu ananunua mara moja kwa mwezi, na samaki na mboga za aina zote zinapatikana kwenye soko la Wavietnamu la Dong Xuan, Lichtenberg. Chakula si sababu ya kuchagua anwani. Sababu ni mtu wa kumwachia mtoto ukichelewa kazini. Kama rafiki wa namna hiyo yuko Köpenick, basi Köpenick ndiko kwa watu wetu.

Usalama watu wanauulizia kwa sauti ya chini, wakimaanisha ubaguzi. Wajibiwe wazi. Kura zinasema kitu: Februari 2025 kiti cha Marzahn-Hellersdorf kilichukuliwa na mgombea wa AfD, chama chenye msimamo mkali dhidi ya wahamiaji, wakati Neukölln ilimpa ushindi mgombea wa chama cha mrengo wa kushoto. Mtu mweusi anaijua tofauti ya hizo sehemu mbili kwa macho ya abiria wenzake ndani ya treni kabla hajasoma matokeo. Hata hivyo, huko huko mashariki kwenye maghorofa yale ya enzi ya ujamaa kuna familia za Kivietnamu, za Msumbiji na Angola za watu walioletwa kama wafanyakazi wa mkataba, na za Kirusi pia, na zimelea watoto. Mimi ningemwambia mwenye familia aende na kutazama saa 2 asubuhi, watoto wanapokwenda shule, na tena Ijumaa usiku pale kituoni. Asiye na mtoto anaweza kuvumilia mengi. Mtoto wa pekee mwenye rangi yake darasani ni habari nyingine.

Na shule inakuja na anwani. Shule ya msingi ya serikali unayopangiwa ni ya eneo lako, na Berlin shule ya msingi ni miaka sita, si minne kama majimbo mengi ya Ujerumani. Wazazi wa Kijerumani wanalijua hili kiasi kwamba wapo wanaohama, au kujifanya wamehama, mwaka mmoja kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza. Mgeni anagundua baada ya kusaini. Hakikisha mapema mpaka wa shule unapita wapi. Unaweza kupita katikati ya barabara, upande wa namba shufwa shule hii, upande wa witiri ile. Chekechea hazina ada tangu Agosti 2018, ila nafasi unaitafuta mwenyewe, na iliyo mbali na njia yako ya kazini itakula kila asubuhi.

Kuna kosa linalohusu jengo, si mtaa, ambalo watu wa pwani tunaliingia kirahisi. Majengo ya zamani ya Berlin, yale ya mwisho wa karne ya 19, yana nyumba ya mbele inayotazama barabara, halafu ua, halafu nyumba ya nyuma, pengine na ua wa pili. Tangazo linasema Kreuzberg, euro nafuu, kuta ndefu. Ukija Juni unakuta kivuli baridi na kinapendeza. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, na kwenye ghorofa ya chini ya ua wa pili halikuwahi kuingia kabisa. Ukipika makande na kuanika nguo ndani bila kufungua madirisha wazi mara kadhaa kwa siku, ukungu unaota kwenye pembe, na barua ya mwenye nyumba itasema kosa ni lako. Uliza dirisha linatazama upande gani. Ghorofa ya tatu huko Reinickendorf yenye jua la mchana inashinda chini ya ua wa Kreuzberg, na sihitaji kubishana na mtu kuhusu hilo.

Kama ni mimi ninayeanza leo, siku ile ya kupata Anmeldung kwenye chumba cha muda ningefanya mambo mawili kabla ya kuanza kukichukia chumba. Ningeomba WBS, kile cheti cha kipato cha kupatia nyumba za gharama nafuu, ambacho hata mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kukipata mradi kibali hakiko karibu kuisha. Makampuni sita ya nyumba yanayomilikiwa na jimbo yana tovuti moja ya pamoja, na sehemu kubwa ya nyumba zao zinakwenda kwa wenye cheti hicho. Na ningetafuta vyama vya ushirika vya nyumba. Hivi tunavielewa haraka kwa sababu tumelelewa na SACCOS: unanunua hisa, unakuwa mwanachama, na ukipata nyumba hakuna wa kukuuzia chini ya miguu. Baadhi ya makazi yao yamo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, kama Schillerpark hukohuko Wedding. Vingi vimefunga milango kwa wanachama wapya, vingine vinafungua kwa vipindi. Ningepita kila tovuti, moja moja, na nisingeanza na Kreuzberg. Ningeanza na Spandau, ambako treni ya mkoa inakufikisha stesheni kuu kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai, na ambako wenyeji wenyewe wakitoka wanasema wanakwenda Berlin.